Mtaro Uliofukiwa Siku ya Msiba Wako

Mama,

Shikamoo. Najua huwezi kuitika, lakini hukunilea nianze ugomvi bila salamu, na leo nimekuja na ugomvi.

Kuku wako tisa wamekufa. Tulipokuzika walikuwa ishirini na wawili, wamebaki kumi na watatu. Yule mtetea mweusi mwenye kishungi, uliyekuwa ukimpa chakula mkononi, nilimkuta amelala topeni, manyoya yamegandamana, miguu ina vidonda. Banda ni zima, paa halivuji. Ni kile kiwanja chao cha kuparua. Vuli ilipoanza, maji yote ya mlimani hapa Mkolani, pamoja na ya bati la Mama Neema jirani yetu wa juu, yalishukia mle. Nikiingia kuokota mayai, ndala moja inabaki ndani.

Na unajua kwa nini? Kwa sababu ya msiba wako.

Mwili wako ukiwa bado hospitali, wanaume wa mtaa walikuja kufunga turubai. Ua wetu unaujua, mawe kila upande. Mahali pa usawa ni pale juu ya kiwanja cha kuku, ulipopitisha mtaro wako. Mjomba Masanja alikuwa amefika kutoka Sengerema. Akaniuliza, "Mwanangu, hili shimo tulifukie? Wazee watajikwaa." Nikaitikia kwa kichwa. Wakamwaga udongo na vipande vya matofali, wakashindilia kwa miguu, wakapanga viti. Mtaro uliouchimba siku tatu uliisha kabla chai haijachemka. Watu wakakaa juu yake wakikusifu kwamba ulikuwa mchapakazi. Matanga yalipokwisha waliosha masufuria, wakarudisha viti, wakaaga. Kila kitu kilirudishwa kilipotoka, mtaro tu ndio haukumhusu mtu.

Nina hasira nao. Nina hasira na kichwa changu kilichoitikia. Lakini wewe ndiye ninayekukasirikia kuliko wote.

Kifua kilikuuma wiki nzima. Nikakwambia twende hospitali. Ukasema, "Ngoja nimalize mtaro, mvua haimsubiri mgonjwa." Unachimba, unasimama, unaegemea mpini, unatafuta pumzi, unachimba tena. Nikikunyang'anya jembe, unalichukua, unasema mimi nachimba kama nakuna mgongo. Na wewe ndiye uliyekuwa ukiwaambia wenzako kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ulipomaliza ulinawa miguu, ukajifunga kitenge kipya, ukasema haya, sasa twende. Sasa, mama. Daktari alikupima, akatoka, akaniangalia mimi badala yako.

Tope lilipoanza nilifanya kosa ambalo ungenichapa kwa ajili yake, na umri wangu huu. Nilienda kwenye mashine ya mpunga, nikaleta magunia manne ya pumba, nikamwaga juu yake. Siku mbili palipendeza. Mvua iliyofuata ikapageuza uji, ukachacha, ukanuka mpaka Mama Neema akaja kuniuliza kwa upole kama niko salama. Ulikuwa unasema, "Tope halivishwi nguo, linafukuzwa." Mimi nilidhani ni maneno yako tu ya kuongea na kuku.

Mjomba akapiga simu. Eti waliobaki tuwachinje siku ya arobaini yako, wasife bure. Nilimjibu vibaya, mama, sitakuficha. Nilimwambia aliyefukia mtaro asinipangie kuku. Akakata simu.

Jana asubuhi nikamwona anapandisha kilima, beleshi begani. Nikachukua jembe lako. Tukaanza kufukua. Tulipoyatoa matofali ya chini kabisa, mtaro ukamfika magotini. Akasimama, akauliza, "Dada alichimba kina hiki akiwa anaumwa?" Nikasema ndiyo. Akakaa chini palepale kwenye tope, na suruali yake ya safari. Sikumbembeleza. Baadaye tulikwangua tope lote la kiwanjani mpaka tukafika udongo mgumu, tukatandaza kokoto, juu yake mchanga. Watu wazima wawili, tumeshinda kutwa nzima.

Leo mvua imenyesha. Nimesimama mlangoni na mwavuli wako nikiangalia. Maji yameteremka kwa fujo, yakaingia mtaroni, yakakata kona pale pale ulipoikata wewe, yakaishia korongoni. Kuku wametoka kuparua. Nikalia kwa hasira, maana uliupima sawasawa.

Basi kwaheri, mama. Nakuahidi, kila mwaka kabla ya vuli nitauzibua. Kuku hawachinjwi. Turubai halitafungwa tena juu ya mtaro huu, hata likiwa la msiba wangu. Lakini siku kifua kikiniuma nitalitupa jembe hapohapo, mtaro ukiwa nusu, niende hospitali, na kuku wako walowe. Hilo sikufuati.

Mwanao,
Kabula