Kipa Hakusema Kitu

Bugembe, Jinja
20 Machi 2016

Mdogo wangu Santa,

Nyumba nzima inakusalimu, hata kuku. Sisi wazima, ila mama ana goti lake lilelile na baba bado anakohoa asubuhi. Wewe je? Unakula? Mama anauliza hilo kabla ya mengine yote, kwa hiyo ukijibu anza nalo.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako haipatikani tangu ulipoondoka. Shamim anakuja kumwona mama yake huko Nabuyonga, nimemwomba achukue boda mpaka Nkoma akutafute kwa mjomba wako.

Santa, rudi. Mechi ile imepita. Ndiyo, tulikuwa tunaongoza moja bila dakika ya themanini na nane, na wageni wetu ni timu ya huko huko Mbale, na wewe beki wangu ukalala kifudifudi mbele ya goli, mikono kichwani, wakasawazisha. Kamati ya klabu ikasema umenunuliwa kwa sababu mjomba wako ni mtu wa Mbale, ikakusimamisha mpaka mwisho wa msimu. Mimi siamini hilo hata kidogo, nawe unajua. Lakini uliondoka bila kujitetea, na anayekimbia ndiye huonekana mwizi. Njoo uongee na katibu Mugweri. Nitakaa karibu yako.

Bila wewe tumefungwa mechi mbili. Yule msichana waliyemweka nafasi yako anaugusa mpira kama anaogopa kuuamsha. Na hapa nyumbani, chumba chetu kimekuwa kikubwa mno. Tangu uje kuishi kwetu, miaka miwili nilikuwa nikilalamika kwamba unakoroma, sasa usingizi wenyewe haunijii.

Dada yako,
Zulaika


Nkoma, Mbale
3 Aprili 2016

Dada Zulaika,

Ninakula. Mwambie mama ni ugali wa posho na maharage, na Jumapili mjomba Ignatius akitoka zamu kule gerezani hununua nyama. Msalimie sana, na baba pia, pole yake na kifua. Mwandiko wako bado ni wa kuku aliyepita kwenye unga, lakini nimesoma yote.

Sikujitetea kwa sababu sikuwa na la kusema ambalo wangeamini. Wewe nitakuambia. Nilisikia sauti. Mpira ulipopigwa kutoka kona, mtu alisema nyuma yangu, kwa Kiswahili, sauti nzito: "Lala! Lala chini!" Mwili ukalala wenyewe. Mimi nilikuja kujua nimelala niliposikia wanashangilia.

Nilishawahi kukuambia kwamba wakati wa vita kule kaskazini, mimi nikiwa na miaka minane, watu wenye bunduki walitusimamisha tukitoka shambani. Sikukuambia waliyosema. Walisema maneno hayohayo. Waliolala walibaki hai. Kaka yangu Benedicto alichelewa kulala, yeye hakubaki. Mpaka leo sijui wale watu walikuwa wa upande gani, maana pande zote zilitumia Kiswahili kutuamrisha.

Sasa sikiliza kinachonitisha. Mbele ya kamati katibu alikuuliza, "Wewe kipa, uliambia yeye nini?" Ukajibu, "Mi sikusema kitu." Nilikuwepo, nilikusikia. Siku ya mechi ulikuwa hatua nne tu nyuma yangu. Kama si wewe, basi hakuna mtu. Basi ile sauti ilitoka ndani ya kichwa changu, baada ya miaka kumi na mitatu, na hilo ni baya kuliko kusimamishwa.

Mjomba amenipeleka kwa nesi Eseza. Amenipa vidonge vya jioni. Vinanifanya mzito, asubuhi nashindwa kuinua ndoo. Bwana Masaba, kocha wa timu ya hapa, amekuja mara mbili. Anasema adhabu yangu inaisha na msimu huu, na anataka anisajili kwa msimu ujao. Nimemwambia asubiri. Nikiingia uwanjani sauti ikaja tena, je?

Kuuliza si ujinga. Dada, siku ile ulisikia mtu yeyote akisema? Hata shabiki? Niambie kweli. Lolote utakalosema nitalifuata.

Mdogo wako,
Santa


Bugembe, Jinja
29 Mei 2016

Mdogo wangu Santa,

Habari za siku nyingi. Natumaini unaendelea vizuri. Nisamehe ukimya wangu, nimeitwa kwenye kambi ya timu ya taifa, siku ishirini bila nafasi ya kukohoa. Msimu umekwisha, na sisi tumebaki ligi kuu kwa pointi moja. Baba amepiga simu kwa kila Mnubi mwenzake anayemjua kuwaambia binti yake ni kipa wa taifa, kumbe mimi ni wa tatu, wa kubeba mipira.

Kuhusu swali lako. Siku ile kelele zilikuwa nyingi, ngoma na mavuvuzela. Sikusikia kitu. Labda ulikuwa umechoka tu. Msikilize nesi, meza dawa, usiziache katikati. Mpira upo siku zote, afya kwanza.

Mama anasalimu. Nina haraka, Shamim anangoja mlangoni.

Dada yako,
Zulaika


Nkoma, Mbale
11 Juni 2016

Dada Zulaika,

Hongera sana. Nilisikia jina lako redioni nikapiga makofi peke yangu, mjomba akatoka nje kuangalia kama nimeanza tena. Hapa hatujambo. Mvua ni nyingi, nguo hazikauki.

Asante kwa jibu. Nimemwambia bwana Masaba hapana. Alisimama pale mlangoni, akasema, "Beki kama wewe, aah, hiyo ni hasara," akaondoka. Viatu nimempa binti wa jirani, vinamtosha akivaa soksi mbili. Usihuzunike kwa ajili yangu. Kilichokuwa kinanisumbua ni kutojua. Sasa najua ni ugonjwa, na ugonjwa una dawa. Nesi ameongeza kidonge cha asubuhi, kwa hiyo siku hizi nalala na mchana.

Wengine wote waliniita muuza mechi. Wewe peke yako hukuniita hivyo. Kila jioni nakutaja kwenye sala zangu, ingawa wewe ni Mwislamu. Nadhani Mungu hatajali.

Mdogo wako,
Santa


Bugembe, Jinja
9 Julai 2016

Santa,

Sijui kama nina haki ya kukuuliza hali yako, lakini nauliza. Naomba barua hii uisome ukiwa umekaa na mjomba yuko nyumbani.

Sauti ilikuwa yangu.

Nilimwona mshambuliaji wao anavuta mguu, nikataka uteleze uufagie mpira, nikaita, "Lala! Lala chini!" Unaijua sauti yangu nikiwa golini, watu husema ni ya baba, mzee Marjan, imekosea njia. Baba ndiye aliyenifundisha kudaka, hapa uani, nikiwa na miaka saba. Alikuwa akirusha mpira pembeni na kusema hivyo hivyo, lala chini, Zulaika, nami nalala, naye anacheka. Kwetu ni maneno ya kucheza. Haki ya Mungu sikujua kwako ni nini mpaka uliponiandikia.

Lakini kwamba niliita, hilo nilijua tangu dakika ileile. Unakumbuka kocha Isabirye alivyotuambia msimu ulipoanza: "Kiswahili ya kambi ya jeshi sitaki kwa uwanja wangu. Atakayeita kwa Kiswahili, mi natoa yeye." Uwanjani Kiingereza au Lusoga. Mimi nilikuwa nahodha, na wale wa timu ya taifa walikuwa wamekaa jukwaani wananitazama. Na nilichoka, Santa, kila nikifungua mdomo mtu kusema, ah, hawa Wanubi, watoto wa askari wa zamani. Katibu aliponiuliza, uongo ulitoka kabla sijaufikiria. Huo wa kwanza nauita woga. Ule wa pili, wa barua ya Mei, niliukalia siku tatu nikauandika nikiwa na akili zangu zote. Nilikuwa nimeshafika kambini, nimeshavaa jezi, nikaona nikisema sasa nitaivua. Nikakuambia umeze dawa.

Nilivumilia mpaka uliponishukuru. Niliisoma ile barua yako nikashindwa kula chakula cha mama yangu.

Alhamisi nilikwenda mbele ya kamati, watu walewale tisa, nikasema kila kitu. Katibu Mugweri alivua miwani akaniuliza, "Na wewe ulinyamaza miezi nne?" Nikasema ndiyo. Kitambaa cha unahodha wamenivua, mechi tano sitacheza, na timu ya taifa wameshaambiwa. Jina lako limesafishwa kwa maandishi, nakala ni hiyo iliyo ndani ya bahasha, muhuri upo. Kisha nilimpigia bwana Masaba. Anasema usajili ulifungwa tarehe moja, sasa ni mpaka Januari. Siku sita, Santa. Ningekwenda kwa kamati wiki moja mapema ungekuwa mchezaji.

Huna ugonjwa. Hukuwahi kuwa nao. Ulimsikia mtu kweli, naye alikuwa hapo nyuma yako.

Niruhusu nije Mbale. Niseme haya nikikutazama.

Dada yako, ukinikubali,
Zulaika


Nkoma, Mbale
14 Agosti 2016

Zulaika,

Mimi mzima. Natumaini na nyumbani kwenu ni wazima.

Barua yako nilikaa nayo siku nyingi ndiyo maana nimechelewa. Siku ya kwanza nilifurahi, sitakuficha. Nilikwenda mbio mpaka kwa nesi Eseza nikamsomea, akasema, "Mwanangu, basi tuanze kupunguza," akanipangia vidonge vinavyoshuka polepole. Vimekwisha wiki iliyopita. Asubuhi nainua ndoo mbili. Nakala ya kamati mjomba ameibandika ukutani, karibu na picha ya gwaride lake, na kila mgeni anasomewa.

Siku ya pili hasira ilikuja, na haijaondoka. Kwamba uliita, sina neno. Hukujua, na ungekuwa mwingine ningecheka nawe. Kwamba ulinyamaza mbele ya kamati, nilijaribu kujiweka mahali pako, nikaona labda na mimi ningenyamaza, mtu huogopa. Ila mimi nilikuuliza. Nilikuuliza wewe, kwa mkono wangu, nikakuambia habari za Benedicto ambazo hata mjomba hajui zote, nikasema lolote utakalosema nitalifuata. Ukachukua siku tatu. Wale watu wa njiani walinitisha mara moja nikiwa mtoto. Hawakuniambia nina wazimu. Hilo umeniambia wewe, na nilikushukuru.

Usije Mbale. Mama yako Kulusumu akitaka kuja, mlango uko wazi, nitampikia. Wewe usije.

Sijui kama itapita. Nilikupenda kuliko dada wa tumbo moja, na kwa sababu hiyo sijui. Nikisema nimesamehe nitakuwa nakudanganya, na kati yetu wawili mmoja ameshadanganya vya kutosha.

Bwana Masaba ameniruhusu nifanye mazoezi nao mpaka Januari. Nilianza Jumatatu. Nimenunua viatu vingine, vinabana kidogo. Ratiba imetoka, mzunguko wa pili tunacheza nanyi hukohuko Jinja, na adhabu yako itakuwa imekwisha. Tutapanga mstari, na nitakupa mkono kama nitakavyowapa wengine kumi. Kisha nitakwenda upande wangu wa uwanja.

Santa