Mwizi wa Vitabu Vibovu

Jumatatu, 4 Julai 1955

Leo nimehesabu vitabu vyote vya maktaba. Mwaka umetimia tangu nikabidhiwe chumba hiki cha senta ya ustawi ya Temeke, na bado nafurahi kila asubuhi nikifungua madirisha. Harufu ya karatasi. Kikombe cha chai pembeni.

Vitabu sita havipo. Daftari la kuazima halina jina la mtu. Nimerudia mara ya pili, ya tatu — sita.

Bwana Leonardi, karani wa ustawi aliye juu yangu, alipita saa sita na baiskeli yake. Nikamwambia. Afadhali ningesubiri. Akauliza nani ana ufunguo. Mie, nikasema, na Mzee Jabiri anayefagia. Basi, akasema, si wewe, kwa hiyo ni yeye. Ametoa wiki moja: vitabu vionekane, la sivyo Mzee Jabiri hana kazi.

Mzee alikuwa nje ya dirisha anafagia majani. Alisikia kila neno. Akawa anafagia palepale, mahali pamoja tu.

Jumanne, 5 Julai

Nimemwamkia Mzee Jabiri, shikamoo. Marahaba, akasema, kisha akaniwekea ufunguo mezani. Afadhali ukae kwako, Bi Jovina. Nimemrudishia mkononi. Miaka ishirini alibeba mizigo bandarini, hakuna aliyemwita mwizi. Hilo alilisema mara moja tu, halafu akaenda kuchota maji.

Nimekaa na orodha ya vile sita. Jambo la ajabu — vyote nimeviandika pia kwenye karatasi yangu ya vitabu vya kutengenezwa. Hiki kimeachia mgongo, kile kurasa zinadondoka, kingine jalada limebaki kwa uzi mmoja. Vipya vilivyokuja mwezi wa nne vipo vyote, vinang'aa rafuni. Mwizi gani anaacha vizima anabeba vibovu? Mtu wa kuuza asingefanya hivyo. Wa kufungia karanga angechukua vile vinene.

Sijui nani. Lakini najua huyu si mtu wa kuharibu. Nimekula wali wangu wa mchana kwa raha kidogo.

Jumatano, 6 Julai

Siku ya wanawake. Darasa la kushona chumba cha pili, maktaba kwangu. Wamejaa, wanacheka, wanaingia na kutoka na vikapu vyao vya nyuzi. Napenda Jumatano kuliko siku zote.

Walipoondoka nikapita kwenye rafu ya chini. Kitabu cha jiografia kimerudi! Mgongo umeshonwa upya kwa uzi uliopakwa nta, mishono midogo, sawasawa kama meno ya kitana. Gundi yake ni ya unga wa muhogo, nimeinusa. Hata kilipokuwa kipya hakikushikana hivi.

Ila kuna kosa. Jalada la mbele limewekwa nyuma. Ukilifunua unakutana na ukurasa wa mwisho. Fundi hodari namna hii, atakoseaje hapo?

Nikamwonyesha Mzee Jabiri. Akakipokea, akakifungua toka kulia bila hata kufikiri, kama afunguavyo msahafu. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa aliyekishona, kitabu kinaanzia kulia. Mtu huyu anajua vitabu vya Kiarabu, na herufi zetu hazijui.

Si Mzee. Vidole vyake vinatetemeka, sindano haishiki. Na aliyekirudisha ameingia leo, mchana, pamoja na wanawake.

Alhamisi, 7 Julai

Nimekwenda chuoni kwa Maalim Salumu, anakofundisha watoto Kurani. Mie Mkatoliki wa Bukoba, nimesimama barazani na kitabu cha jiografia. Alinikaribisha vizuri, akaleta kahawa. Akapitisha kidole juu ya mishono. Halafu akaingia ndani akatoka na msahafu wa zamani. Mishono ni ileile.

Akasema huo ni mkono wa Fundi Hamadi, aliyekuwa akishona na kujalidi misahafu ya Temeke nzima. Yuko wapi, nikauliza. Alifariki mwaka juzi. Nikakitazama kitabu upya. Maalim akacheka. Ana binti, akasema, Somoe. Tangu mdogo alikuwa akimshikia baba yake uzi.

Somoe namjua. Darasa la kushona, hukaa karibu na mlango, hasemi sana. Kikapu chake ndicho kikubwa kuliko vyote.

Ijumaa, 8 Julai

Nimekwenda kwake wakati wanaume wako msikitini. Aliponiona mlangoni hakuuliza nimefuata nini. Akatandika mkeka, akaniletea maji, kisha akaenda kuvitoa. Vitano, vimepangwa juu ya kitambaa safi. Vinne vimekwisha, kimoja bado kimefunguliwa kurasa kama samaki aliyepasuliwa.

Nikamuuliza kwa nini hakuomba. Akasema pale mezani kwangu kuna daftari la kutia sahihi, watu wote wanaandika kwa herufi za kizungu, yeye hazijui, akaona haya. Nilichukua vile vilivyo mahututi tu, dada. Nikajua nitavirudisha vikiwa vizima.

Nikamwambia jalada la jiografia liko nyuma mbele. Akaziba mdomo kwa kanga. Tukacheka mpaka machozi.

Halafu nikamweleza habari za Mzee Jabiri. Kicheko kikaisha. Hakujua kabisa. Nikamwomba aje kwa Bwana Leonardi aseme. Akatikisa kichwa. Kaka yake, Sadallah, alikwishasema kazi ya baba imekwenda na baba, na mwanamke hajalidi misahafu. Sasa watu hupeleka yao mjini. Kaka akisikia amebeba vitabu vya serikali kwa siri, hata darasa la kushona atalikosa.

Nimemwahidi sitamtaja mpaka aniruhusu mwenyewe. Nimetoka pale nimejua kila kitu, na sina la kumwambia mtu.

Jumapili, 10 Julai

Misa. Mawazo yangu hayakuwa kanisani. Ningeweza kusema nimevikuta nyuma ya kabati. Uongo mdogo. Lakini Bwana Leonardi angeuliza nani amevishona, na kazi ile nzuri ingekuwa kazi ya mtu ambaye hayupo. Hapana.

Jumatatu, 11 Julai

Asubuhi nimemwekea Bwana Leonardi kitabu cha jiografia mezani ofisini kwake. Nikamwambia Mzee Jabiri hakuchukua, aliyechukua namjua, na jina sitalitaja bila ruhusa yake. Akasema bila jina, barua ya kumfukuza Mzee inatoka leo, na yangu huenda ikafuata. Nikasema sawa. Sijui nilipata wapi neno hilo.

Saa tisa, hodi maktabani. Sadallah, kanzu na koti, nyuma yake Somoe na kikapu. Nilishtuka. Kumbe yeye na Mzee Jabiri husali msikiti mmoja. Adhuhuri alimsikia Mzee akiwaaga wenzake kwa kuwa kazi imekwisha, nyumbani akamsimulia dada yake, na Somoe akamwambia yote palepale.

Sadallah hakunitazama. Nikawapeleka ofisini, akamwambia Bwana Leonardi, kazi hii ni ya dada yangu, mzee wa watu asifukuzwe kwa ajili yetu. Kisha akasogea pembeni ili Somoe apite. Somoe akavipanga vile vitano mezani, vyote vimeshonwa. Kwa sauti ndogo akasema, nimevichukua mie, bwana. Na vipo vingine kule chini vinahitaji mkono.

Bwana Leonardi alivitazama kimoja kimoja muda mrefu. Akasema kuchukua ni kuchukua. Atafikiri. Jibu kesho saa kumi.

Tulipotoka nilimsikia Sadallah akimuuliza dada yake nta ameipata wapi. Nilikuwa nayo siku zote, akajibu. Walitembea sambamba.

Jumanne, 12 Julai

Saa kumi kasoro. Mzee Jabiri amefagia chumba mara mbili. Somoe amekaa kwenye benchi la wasomaji, namwonyesha herufi ya kwanza ya jina lake. Amesema inafanana na nyoka. Ndivyo ilivyo, sikuwahi kuliona hilo. Nina hofu, ila hofu yenyewe ni nyepesi.

Kengele ya baiskeli nje. Ni yeye. Anaiegemeza ukutani. Naandika haraka — mkononi hana bahasha ya barua. Ana kitabu chake cha sala, kikuukuu, kimefungwa kwa kamba ya katani, kurasa zimechomoza pande zote. Amesimama mlangoni, anamtazama Somoe, hajui aanzie wapi.