Tano Mbili Katika Safu Moja

Jumanne, Mei 1996. Mvua imenyesha tangu alfajiri na mtaa wetu wa Soweto West wote ni matope. Sikwenda kuuza soko la Toi leo. Nani atanunua sweta za watoto zilizolowa? Nimeshinda nyumbani na Baba, na sasa amejilaza anasikiliza mabati yakipigwa, nami naandika kwa sababu sina mtu wa kumwambia.

Nianze na ploti, maana ndizo zilizonifikisha hapa.

Mwaka jana, baada ya presha ya macho kumzima Baba macho yote mawili, nilimwona mwanamume pale sokoni akiuza magazeti makuukuu ya kufungia njugu. Katikati ya rundo kulikuwa na jarida nene la Kimarekani, mafumbo matupu. Kurasa za majibu zilikuwa zimeshang'olewa, pengine zilishafunga njugu za mtu. Nililichukua nikifikiri nitamsomea Baba Kiingereza kidogo apitishe siku. Yeye alichokipenda ni mchezo mmoja tu, ule wa namba.

Ni mraba mkubwa wenye miraba tisa ndani yake, na kila mmoja una nafasi tisa. Baba aliita miraba hiyo ploti. Kila ploti ina vyumba tisa na wapangaji ni moja hadi tisa. Wapangaji wa namba ileile hawawezi kukaa wawili katika ploti moja, wala katika safu moja ya kulala, wala katika mstari mmoja wa kushuka. Wengine wamechapishwa tayari kwenye vyumba vyao. Waliobaki unawatafutia.

Mimi husoma kwa sauti na kushika penseli. Yeye hushika mraba mzima kichwani. Alikuwa karani wa stoo maisha yake yote ya kazi, na alijua kila nati ilipolala bila kufungua kabati. Kwa hiyo alinifundisha mimi, mwenye macho, jinsi ya kuona.

Alinifundisha kwamba ukikuta vyumba viwili katika ploti, vyote haviwezi kuchukua ila mbili au nane, huna haja ya kujua nani atalala wapi. Hao wawili wameshavikamata. Wafukuze wengine wote wa mbili na nane katika ploti hiyo. Akanifundisha Kona Nne: kama katika safu mbili, saba anaweza kukaa kwenye mistari miwili tu ya kushuka, na ni mistari ileile, basi saba wawili watachukua kona zinazotazamana, na popote pengine katika mistari hiyo saba hana chumba. Niliposhika hiyo nilicheka peke yangu sokoni, wateja wakanitazama.

Na kuna Tuseme. Hiyo ndiyo ya mwisho, ya mafumbo magumu. Unasema, tuseme hapa ni nne, kisha unafuata hatua kwa hatua. Ukifika mahali wapangaji wawili wamegombania chumba, umejua: si nne. Baba alikasirika nilipoiita kubahatisha. Kubahatisha ni kwa wale wa kamari kule stendi, alisema. Tuseme ni kuupa uongo nafasi ujiumbue wenyewe.

Ndugu yangu Otieno, anayekaa Kawangware 46, anataka Baba arudi nyumbani Siaya. Tumegombana kwa hilo tangu Pasaka. Anasema mzee amepotea, na ana mifano. Baba alitoka kwenda choo akashindwa kurudi, hadi mwenye nyumba wetu, Mama Zainabu, akamleta kwa mkono. Tena humuulizia mama yetu, na tulimzika miaka mingi iliyopita. Mimi namjibu Otieno kwamba kipofu yeyote atapotea Soweto, hata wenye macho wanapotea. Kisha natoa silaha yangu: mtu aliyepoteza akili hawezi kushika namba themanini na moja kichwani. Siku Baba atakaposhindwa kumaliza ploti zake, nilimwambia, njoo umchukue. Otieno alikubali. Anakuja Jumapili.

Nakiri hapa, kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka. Baba amekuwa akikosea.

Alianza kidogo. Anasema tatu, nami naona tatu yupo tayari katika safu. Natafuta mwenyewe anayestahili, naandika, kisha namsomea kana kwamba ndivyo alivyosema. Naye anaitikia. Anaitikia tu na kuendelea. Jambo hilo liliniuma kuliko makosa yenyewe, maana Baba wa zamani angenikatiza papo hapo.

Leo tulifika kurasa za mwisho, zile ngumu. Alianza vizuri sana. Aliona Kona Nne ya saba kabla sijamaliza kusoma, na furaha ilinijaa nikaanza kumpangia Otieno maneno ya kumwambia. Kisha akasema, tano, safu ya sita, chumba cha pili.

Mwisho wa safu hiyohiyo tano alikuwa amechapishwa, mweusi kabisa.

Nikatafuta anayestahili. Sikumpata. Fumbo lilinizidi, na bila yeye mimi si kitu kwenye kurasa hizo. Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, uso ameuelekeza kwangu, anangoja. Nikamwambia nimeandika. Na kweli nikaandika, bila kukandamiza penseli.

Akajenga juu ya tano hiyo. Akaweka tisa, akaweka moja, kwa hatua safi zile zile alizonifundisha, kila moja imefuata nyingine. Kisha katika ploti ya mwisho, mbili akakosa chumba. Vidole vya Baba vikawa vinagonga goti.

Aliniomba nimsomee safu ya sita. Nilisoma, na nilipofika mwisho nikasema tupu. Ndiyo, nilimwambia tupu. Akaniomba mstari wa mwisho wa kushuka, kutoka juu. Nikasoma kwa mazoea, macho yakitangulia na mdomo ukifuata, na nilipofika chumba cha sita, kilekile nilichokiita tupu, mdomo ukasema tano kabla sijaushika.

Mvua ilikuwa nyingi. Nilitamani iwe imemzuia asisikie.

"Wewe ndio uko na macho, nyathina," alisema. Huniita hivyo, yaani mtoto wangu kwa lugha ya nyumbani, akiwa mpole.

Nikaanza kusema kurasa zimefifia, penseli ni mbaya. Akainua mkono.

"Tuseme akili yangu iko sawa," akasema. "Nikikosea, utaniambia. Utanicheka hata. Lakini umeona tano mbili, ukanyamaza. Halafu ukanisomea uongo. Mtu hafanyii hivyo mtu mzima, anafanyia mgonjwa. Kwa hivyo siko sawa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kwa sauti ileile ya kunionyesha saba hana chumba.

Akauliza nimemfichia tangu lini. Nikamwambia tangu Februari. Akatikisa kichwa taratibu, akapapasa hadi akaupata mkono wangu wenye penseli, akaushika. Nililia na sikujificha, ingawa kwake yeye kujificha kungekuwa rahisi.

Baadaye alisema Otieno akija nisiseme kitu, atamwambia mwenyewe. Nyumbani kuna ua, anaujua kwa miguu, hatapotea. Nilitaka kubishana. Nimekaa hapa nikijaribu: tuseme abaki, nani atamtazama nikiwa sokoni? Tuseme aende, nani huko atamsomea? Kila njia ninayofuata inagonga ukuta.

Kabla ya kulala ameniambia nifute tano ile na yote yaliyofuata. Nimefuta hadi karatasi imekuwa laini kama kitambaa. Saba wa Kona Nne nimewaacha, hao ni wake kweli.

Anataka tuendelee asubuhi, tumalize kurasa zilizobaki kabla ya Jumapili. Kwa sharti moja, amesema: akikosea, niseme.

Nimeahidi. Kesho atakosea, na mimi nitasema.