Kambare wa Wajapani na Amina Niliyoitikia

Jumapili, mchana. Joto.

Jua limetoka kwa nguvu leo, kama vile halina habari na yaliyotupata wiki iliyopita. Lami ya pale tunapoegesha magari inafuka mvuke. Mazulia ya majirani bado yamelundikana kando ya mapipa ya taka, yananuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Sikwenda kanisani. Nimesema mtoto mdogo ana kikohozi, na kweli anacho, ila si hicho kilichonizuia.

Nina hasira, shajara yangu. Hapana. Hasira naijua, huwa inakuja na kupita. Hili ni lingine.

Jana niliwapeleka watoto maktaba, ile ya hapa hapa mtaani kwetu Gulfton, kwa sababu kule kuna kiyoyozi, na kwetu ukuta wa chumbani umekatwa hadi usawa wa kiuno baada ya maji ya kimbunga kuingia. Tukakuta wametundika picha za Kijapani, nakala tu, na mama mmoja wa kujitolea anawaonyesha watoto zilivyokuwa zikitengenezwa. Mtu anachonga mchoro kwenye ubao, anapaka wino, analaza karatasi juu yake na kuikandamiza. Ubao mmoja unatoa karatasi nyingi, kila mtu mjini anajinunulia yake. Shule yangu mimi iliishia darasa la sita, kambini kwa wakimbizi, lakini hilo nililielewa mara moja.

Akasema zamani, Tokyo ilipokuwa bado inaitwa Edo, ardhi ilitetemeka, nyumba zikaanguka, moto ukawaka. Watu wa kule waliamini chini ya ardhi kuna kambare mkubwa, akijitikisa ndiyo tetemeko. Basi kabla hata vifusi havijazolewa, wachongaji wakaanza kutoa picha za kambare, tena bila kutia majina yao, maana serikali haikuwapa ruhusa. Kwenye picha moja watu wamemvamia wanampiga. Wanawake wamo, watoto wamo, kila mtu na alichookota. Nilicheka. Nikasema moyoni, hawa ndio watu wangu, laiti kimbunga cha Houston nacho kingekuwa na mgongo wa kupigwa.

Kwenye picha ya pili kambare ameketi kama mgeni wa heshima. Wanaume wanamkirimu pombe. Nikauliza hawa ni nani. Yule mama akasema ni maseremala, wapiga lipu na waezekaji. Baada ya tetemeko walipata kazi kuliko wakati wowote, kwa hiyo wanamshukuru.

Furaha wangu, miaka saba, akasogea akaitazama vizuri.

"Look, Mama. Hawa ni kama Baba."

Nikamwambia baba yako anatengeneza kuta za watu, hashukuru mafuriko. Akanijibu kwa Kiingereza chake cha shule, bila ubaya wowote, kwamba anashukuru, amemsikia kwenye simu akimwambia rafiki yake. Alisema ile kazi ya Grand Prairie aliikataa mapema, akangojea msimu wa vimbunga, na Mungu amemsikia.

Nilikaa kwenye kiti cha watoto wadogo, magoti yakanifika kidevuni.

Grand Prairie, mbali na pwani na vimbunga vyake, anakaa dada yangu Zawadi. Maji yametuingilia mara mbili hapa ghorofa ya chini tunapokaa, na baada ya ile mara ya kwanza mume wangu aliniahidi tutahama. Zawadi akamtafutia kazi kwenye ghala. Kila nikiuliza, Baba Furaha ananiambia hawajajibu. Nikaendelea kufunga vyombo kwenye maboksi. Ndiyo maboksi yaliyoloa.

Na ile jioni kabla ya kimbunga tulipiga magoti sebuleni, yeye akaongoza sala. "Bwana, utukumbuke katika kimbunga hiki." Niliitikia amina kwa machozi.

Sasa najua alikuwa anaomba nini. Mimi naomba kipite mbali, yeye anaomba kiingie, na amina yangu nikamtilia yeye.

Aliporudi kutoka kazini jana, nyusi zimejaa vumbi jeupe la jipsamu, ile ya kuta, nilimwacha aoge na ale kwanza. Kisha nikamuuliza. Hakukana.

"Mama Furaha, kufa kufaana. Kimbunga sikukiita mimi."

"Hukukiita. Ulikingoja. Ukatulaza hapa chini, na huyu mdogo mwenye kifua, huku unakingoja."

Akaisogeza sahani kando. Halafu akasema kule kwenye ghala angekuwa mbeba maboksi tu, hapa watu wanamwita fundi. Hilo liliniuma, kwa sababu ni kweli, na napenda mikono yake. Amenisimulia bibi mmoja mzungu alivyoushika ule mkono akalia aliposimamishiwa ukuta wake. Mimi mwenyewe wiki hii nimekula nyama ya kazi hiyo na nikalamba vidole, sitajifanya mtakatifu humu.

Kazi siikatai. Ni lile "hawajajibu". Angeniambia ukweli ningelia, tungegombana, tungeamua. Hakuniachia hata nafasi ya kugombana naye.

Leo asubuhi nimempigia Zawadi. Sikumweleza yote, ni mume wangu bado. Akasema shemeji aombe tena, wanaajiri kila wakati. Nikamwambia shemeji yako anataka ufundi. Akacheka, "Kwani huku Grand Prairie tunalala nje? Nyumba za huku hazina kuta?"

Nimemwambia Baba Furaha kwamba mwisho wa mwezi mimi na watoto tunakwenda kwa dada. Akitaka ghala, sawa. Akitaka kuta, sawa. Lakini tunakwenda. Alimvuta mtoto, akamfuta kamasi kwa ncha ya shati lake. Mwishowe akasema atapiga simu kesho.

Ameshawahi kuniambia hivyo.

Nampenda, na sijui kama kumpenda kunatosha kumwamini tena. Kwa hiyo kesho atapiga akiwa ameketi hapa mezani, simu ameifungulia sauti, na mimi nimeketi kando yake, nasikiliza kila neno.