Gitaa la Mzee Faraji

Deira, Dubai

Mjukuu wangu Rukia,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, na goti la bibi yako limepata nafuu. Umeniuliza kama bendi yenu inaruhusiwa kuzipiga nyimbo za mwalimu wenu marehemu kwa namna yenu.

Ujanani, nilipokuwa kibarua bandarini Jebel Ali, Mzee Faraji alitufundisha sisi vibarua kupiga muziki wa bluzi kila Ijumaa. Alipofariki, mjane wake, Bi Zuhura, alituletea gitaa lake. Faraji alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo nyuzi alizifunga kinyume, na sisi hatukuweza kulipiga. Tukaamua tulitundike ukutani liwe kumbukumbu.

Bi Zuhura akakataa. "Alilinunua likiwa na nyuzi za watu wa mkono wa kulia, akazigeuza mwenyewe. Nanyi zigeuzeni. Mnaogopa nini?"

Tukazigeuza. Nikapiga wimbo alioupenda Faraji. Haukutoka kama wake hata kidogo. Bi Zuhura alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akasema, "Haya, rudia."

Bado tunaupiga, kwa namna yetu. Wasalimie wenzako wote wa bendi.

Babu yako akupendaye,
Salim