Maji ya Rejeta

Jumanne, 9 Machi

Injini ya boti imekufa. Adhuhuri ilianza kutoa moshi, fundi akakimbia na madumu, akamimina kwenye rejeta ili injini ipoe. Maji ya kunywa! Yamebaki ya chini tu kwenye dumu moja. Nikamwuliza, mwanangu, bahari yote hii hukuiona? Akasema chumvi ingeila injini. Haya, injini haijaliwa. Tutaliwa sisi.

Tuko wanne na kitoto cha mgongoni. Nahodha, fundi, mama mtoto, mimi. Na shehena ya magodoro. Tutakufa kwa raha, mgongo hautauma.

Simu hazishiki mtandao. Nilikuwa naenda kwa binti yangu, mimba yake ya kwanza. Atadhani nimemsusa.

Jumatano, 10 Machi

Upepo unatusukuma, wapi hakuna ajuaye. Fundi ameifungua injini, anasema itawaka. Anasema hivyo tangu jana.

Nahodha anagawa maji kwa kifuniko cha chupa. Fundi akarukwa zamu yake. Eti yeye alishakunywa, alinywea kwenye injini. Nikampa nusu yangu, akakataa. Nikamwambia fungua mdomo kabla sijaufungua kwa kofi, nimelea wanaume wenye kiburi kuliko wewe. Akanywa. Kisha akalia — mjinga, anapoteza maji.

Hakuna anayesema na mwenzake. Nyumbani nina jirani wa kugombana naye kila asubuhi. Leo ningempa hata kuku wangu anitukane kidogo. Herufi alinifundisha marehemu mume wangu, mezani jikoni, nikimenya vitunguu. Alisema zitanifaa nikikosa wa kuongea naye. Basi ndiyo hivi, mzee. Nimekosa.

Ijumaa, 12 Machi

Dumu limekauka. Maziwa ya mama mtoto nayo. Kitoto kinanyonya, kinalia, kinanyonya. Nimekibeba, chepesi kama nguo iliyokauka.

Fundi akasema, chini chini, maji yapo. Yamo kwenye rejeta. Nikacheka peke yangu. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, kumbe haya yanazoleka.

Nahodha akamrukia. Yakitoka hayo, injini ndiyo basi! Nikamwuliza, hiyo injini yako ikiwaka itabeba maiti ngapi?

Lakini fundi ana jingine. Kuna dawa ya kijani ya kutia kwenye rejeta. Sumu. Hajui kama aliitia safari iliyopita. Kuinunua anakumbuka. Kuitia, hakumbuki. Ameshika kichwa kama mtu aliyefiwa.

Loo, mwanangu.

Jumamosi, 13 Machi

Tumeyatoa. Nimeyachuja kwa kitambaa changu cha kichwa. Mekundu kwa kutu — hiyo kijani utaionea wapi?

Mama mtoto alishanyoosha mkono. Nikaupiga. Wewe unanyonyesha, nikamwambia, ukinywa sumu mmekunywa wawili. Fundi akataka kuonja yeye. Nikamwuliza, ukifa, injini ataitengeneza nani, mimi? Kaa chini. Nahodha alitazama pembeni, akakuta kuna bahari.

Nimekunywa kikombe kizima. Mafuta na chuma. Nikawaambia jua likifika utosini nikiwa bado nawatukana, kunyweni.

Sasa wamekaa wananitazama. Miaka mingi sijatazamwa hivi, tangu niposwe. Nahodha nimemwambia ana masikio ya sufuria, ili wajue nipo.

Tumbo linanikata. Njaa au dawa, sijui. Siku hizi linakata wakati wowote linapotaka. Fundi hapepesi macho. Jua limekaribia kabisa. Kitoto hakilii tena, kinafungua mdomo tu.

Mama yake amenishika goti. Bibi, ananiuliza, unajionaje?

Naandika ili nisimjibu kwanza.