Kichwa cha Ulanga

Zuhura mwanangu,

Anayeandika barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako anaijua Mola, mimi sina njia ya kuiuliza. Basi pokea salamu zangu, uziweke hapo ulipo, nikueleze ya huku. Naandika kwa herufi za chuoni, zile nilizopata kabla sijatolewa kwenda kuolewa, na mahali pakipinda usinicheke. Ulikuwa ukisema mwandiko wangu ni kama kuku kapita kwenye unga.

Mimi mzima. Mgongo ni ule ule. Hawa mzima, jino la mbele limeota, sasa anacheka mdomo wazi. Analala kwa baba yake, maana Athumani alikataa kunipa, anasema watu watasemaje, mtoto ana baba na analelewa na bibi. Lakini asubuhi akishatoka chuoni yuko kwangu, anakula kwangu, nywele namsuka mimi. Wao wanamlaza tu.

Nimesema wao. Naam. Athumani ameoa. Ubani wa arobaini yako ulikuwa bado unanuka kwenye kuta za chumba kile, mwanangu, na yeye akaingiza mtu. Angekufa yeye ukabaki wewe, ungekaa eda miezi minne na siku kumi, huchani nywele, hupaki wanja, huvuki kizingiti. Mwanamume hana eda. Nilijua hivyo tangu nina akili, lakini kujua na kuona ni vitu viwili. Anaitwa Tatu, mtu wa Mapinga. Anapika vizuri, sitamzulia uongo. Chumvi anazidisha.

Sasa nikwambie habari ya kinanda chako cha santuri, ndiyo iliyonikalisha kitako niandike.

Ulipotutoka masika yale, Mwalimu wa chuoni alikuja kugawa ulivyoacha. Vitu vyenyewe vya kuhesabika kwa macho: sufuria, kanga, mkufu, cherehani, kinanda na santuri zake. Akasema kinanda kiende kwa mume, kwani sanduku lenyewe alikuja nalo yeye. Santuri zako akampa Hawa. Nikasema, Mwalimu, mimi sitaki sufuria wala mkufu, mnipe kile kichwa cha kinanda, kile cha duara chenye sindano. Akanitazama. "Mama Zuhura, kinanda si ng'ombe, hakigawiwi kichwa huku na mguu kule." Nikamwambia sanduku la Athumani, kichwa cha mwanangu, alikitafuta mwenyewe kwa mkeka wake aliousuka mwenyewe, kila mtu achukue chake. Athumani akacheka. "Mpe, Mwalimu. Vichwa vimejaa tele Dar es Salaam. Mama atakiunga nazi."

Nikakichukua. Nikakifunga kwenye kitambaa, nikakitia ndani ya kikapu cha ukili chini ya kitanda.

Hakujua anachokitoa, na kujua angejuaje, wakati wewe unahangaika yeye alikuwa barazani anacheza bao. Mimi nilikuwepo. Kichwa kile cha zamani kilikuwa kizito, kioo chake, pale sauti inapotokea, cha bati, kinapiga kelele mpaka nyumba ya tatu. Watu wa harusi walikipenda. Wewe ukawa unanuna. Ukasema, "Mama, kinalima. Sindano haitakiwi kulima, inatakiwa ipite, kama mtu anavyopita msikitini watu wakiwa wanaswali." Ndipo yule karani Mgoa wa forodhani alipohama akauza vyombo vyake, ukakiona kile kichwa kimeng'oka peke yake, kidogo, chepesi, na kioo chake cha ulanga, lile jiwe la matabaka membamba, kinang'aa kama gamba la samaki. Ukatoa mkeka wako wa rangi uliokuwa wa Idi. Nilikugombeza. Nilisema mkeka mzima kwa kifuniko cha mkebe.

Na hakikuingia. Mdomo wa mkono wa kinanda ulikuwa mpana, kichwa kinacheza ndani kama jino la Hawa kabla halijang'oka. Ukazungushia kitambaa, sauti ikazama. Ukazungushia karatasi, ikawa inatetema, hata ukanitia na mimi wazimu kwa kupiga wimbo ule ule. Mwisho ukakata pete kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, ukaipaka mafuta ya nazi, ukakisukuma taratibu. Halafu ukauinua ule mkono kwa kidole kimoja, kuupima, kama mnunuzi anavyopima kuku sokoni. Ukasema, "Sasa vimeelewana." Hata sindano za chuma ukazikataa. Ukawa ukienda Kerege kwa shangazi yako unaokota miiba ya ncha za mkonge, unaikausha juu ya jiko mpaka inakuwa migumu, unaichonga kwa wembe, mwiba mmoja kwa santuri moja. Kichwa kizito kingeivunja. Kile chepesi kiliichukua.

Nakumbuka siku ya kwanza. Uliweka ile santuri ya mwanamke wa Unguja uliyokuwa ukiipenda. Kabla hajaanza kuimba tukamsikia akivuta pumzi. Tulikuwa nayo miaka ile, hatujawahi kuisikia ile pumzi. Ukanishika mkono ukasema, "Mama, yuko hai." Ukairudisha mwanzo, ukairudisha tena, tusikie pumzi tu, kuimba hatukutaka.

Kwa hiyo nilipokichukua kichwa, nilijua ninachokichukua. Nilisema moyoni, na wacheze sanduku lao bubu.

Wapi. Athumani alikwenda Dar es Salaam akarudi na kichwa kikubwa kama kisahani cha kahawa. Akakikandika kwenye mkono wa kinanda kwa kitambaa na utomvu, kikakaa upande, kimeuvuta mkono mzima chini. Kelele zikarudi. Nikawa nasikia kutoka kwangu, jioni kwa jioni, kinanda chako, na mtu anacheka ndani. Baada ya siku mbili tatu Athumani alikuja. "Shikamoo mama." Marahaba. "Mama, kile kichwa chako kimelala tu hapo chini ya kitanda, kinakufaa nini? Si utupe tukitumie." Nikamwambia kinanifaa kulala chini ya kitanda. Akaondoka. Sikuona haya, Zuhura. Nikalala vizuri siku ile kuliko siku zote tangu tukuzike.

Sasa sikiliza. Juzi Hawa amekuja mchana, amejipamba. Amejichora nyusi, nene, nyeusi, mpaka zimekutana katikati, na kidoa kidogo shavuni. Nikacheka, nikamuuliza wanja nani kakupa, Tatu? Akasema hapana bibi, nimeukomba mwenyewe kwenye santuri. Ukipigwa wimbo unatoka mwingi, unabaki kwenye sindano na pembeni, unaukusanya kwa kidole. Akaninyooshea kidole. Kimejaa unga mweusi.

Nilikaa chini pale pale mlangoni.

Ni santuri zako zile. Zinasagwa. Kile kichwa kizito na ile sindano ya chuma, ambayo nimekuja kujua hawaibadili mpaka ianguke yenyewe, vinazila, na unga wake mtoto anajipaka usoni. Na santuri si za Athumani wala za Tatu, ni fungu la Hawa, ndilo pekee alilopata kwako. Mimi nimekaa na dawa yake chini ya kitanda, nimeifunga kwenye kitambaa, naona nimewakomoa.

Nilimnawisha uso. Unga wenyewe ungali unang'ang'ania kwenye nyusi, nikausugua mpaka akalia.

Alasiri nilikichukua kikapu changu nikaenda kwao. Tatu alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akanipa shikamoo, akanisogezea kigoda, macho yake yakiwa kwenye kikapu. "Leo mama umetuletea kichwa," anasema, "keshokutwa utatuletea na mkia." Nikamwambia sijakuletea wewe, nimeziletea santuri. Nikapita ndani. Chumba chako, mwanangu. Kitanda wamekigeuza, miguu inaelekea dirishani.

Nikaling'oa lile dude lao. Nikafuta utomvu kwa mafuta ya taa. Pete yako ya mpira ilikuwa bado shingoni mwa kichwa, imekauka kidogo, nikaipaka mafuta ya nazi kama ulivyofanya, nikasukuma taratibu. Kikaingia kama mtu anayerudi kwao. Nikauinua mkono kwa kidole kimoja. Nikatia mwiba wako, ulibakiza kadhaa kwenye kile kikopo cha hina, unakumbuka. Nikazungusha ufunguo.

Niliweka ile ya mwanamke wa Unguja.

Pumzi haipo, Zuhura. Imesagwa. Mwanzo wote ni mchanga, halafu anakuja yeye kwa mbali, amekauka sauti, kama mtu anayeita akiwa ndani ya kisima. Nilirudisha mwanzo. Haipo. Kichwa kizuri hakirudishi kilicholiwa. Nilidhani kitarudisha. Hata sijui kwa nini nilidhani hivyo.

Tatu alikuwa mlangoni na mikono yake ya nazi. "Mbona sauti ndogo hivyo? Hiyo ya kuwachezesha sisimizi." Nikamwambia sisimizi nao wana harusi zao. Akacheka, tena cheko la kweli, nami nikakasirika kwamba amecheka, maana lilikuwa jambo la kukuchekesha wewe. Hawa akauliza, bibi, yule mama anasema nini? Hakuna aliyeweza kusikia maneno. Basi nikamwimbia mimi, kwa sauti yangu hii ya kuitia kuku, mpaka mwisho. Tatu alisimama mpaka mwisho. Mimi sikumtazama.

Zilizobaki tumezipiga moja moja. Ile ya fidla ni nzima. Ile ya wazee wa udi ina mkwaruzo pembeni tu. Mbili zimekufa. Nyingine zitaishi.

Athumani alirudi, akaona, akasema, "Ahsante mama, umefanya la maana." Nikamwambia sikukupa. Kichwa ni changu, kimepanga kwenye mkono wa kinanda chako kama mtu anavyopanga chumba. Siku Hawa atakapokuwa na nyumba yake, kitahama naye pamoja na santuri zake, sanduku lako ubaki ukilitia unga wa mhogo. Aliinamisha kichwa. Usidhani nilimwonea huruma.

Watu wananiambia, Mama Zuhura, samehe, mwenzio naye ni mwana wa watu. Sijasamehe. Nimekiacha kichwa pale na uchungu wangu nimerudi nao nyumbani, haukuwa mzito kuubeba, nimeuzoea.

Lakini nakuahidi hili. Miiba yako ikiisha nitakwenda Kerege mwenyewe, na mgongo wangu huu. Nimeshaanza kumfundisha Hawa kuichonga. Ana mkono wako, ila wembe anaushika vibaya, nakaa naye roho juu. Kila Ijumaa, nikishatoka kukuombea hapo kaburini, nitapita kwao. Nitabisha hodi. Tatu atanipa shikamoo yake na mimi nitaiitikia, na nitaingia chumbani kwako nitazame sindano.

Lala, mama yangu. Mchanga uwe mwepesi juu yako, upite, usilime.

Mimi mama yako